Gift Ngoepe na hesabu ngumu ya mlinzi wa ndani katika besiboli

Tarehe 26 Aprili 2017, katika uwanja wa PNC Park mjini Pittsburgh, Gift Ngoepe, Mwafrika Kusini wa timu ya Pittsburgh Pirates, alisimama mbele ya mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa dunia miezi sita tu kabla. Lester akarusha, Ngoepe akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja, akafika beisi ya kwanza salama. Alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza katika MLB, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, na zamu yake ya kwanza kabisa na gongo ikawa pigo safi. Alikuwa amesubiri miaka minane na nusu tangu asaini mkataba wake wa kwanza.

Baada ya usiku ule alicheza mechi 40 tu zaidi katika Ligi Kuu. Jumla yake ni mechi 41 katika misimu miwili, mapigo 13 katika majaribio 72. Mtu akizitazama takwimu hizo peke yake atasema kijana alishindwa. Mimi nakataa, na ili nieleze kwa nini nakataa, inabidi kufungua jinsi kazi ya mlinzi wa ndani inavyoendeshwa, kwa sababu ni kazi yenye sheria nyingi za makaratasi na mantiki ambayo mgeni wa besiboli haioni upesi.

Uwanja wa besiboli una beisi nne zilizopangwa kama almasi, kila moja mita 27.4 kutoka kwa nyingine. Ndani ya almasi hiyo na kandokando yake wanasimama watu wanne: wa beisi ya kwanza, wa beisi ya pili, wa beisi ya tatu, na shotistopu, ambaye hana beisi yake na husimama kati ya ya pili na ya tatu. Hao ndio walinzi wa ndani. Kazi yao kubwa ni kuukamata mpira unaobiringika au kudunda chini baada ya kupigwa, kisha kuutupa beisi ya kwanza kabla mpigaji hajafika, ili atolewe kwa zamu hiyo. Mpigaji wa kawaida hukimbia umbali huo kwa sekunde nne na kidogo. Mpira wenyewe ukipigwa vizuri hutoka kwenye gongo kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Ndani ya sekunde hizo nne mlinzi anatakiwa asome mdundo, asogee, ainame, aukamate kwa glavu, auhamishie mkono mwingine, ajipange na atupe. Akiteleza kidogo tu, mpigaji amefika.

Nafasi hizo nne hazina uzito sawa. Wa beisi ya kwanza hupokea zaidi ya anavyotupa, ndiyo maana timu humweka pale mtu mrefu mwenye nguvu za kupiga hata kama miguu yake ni mizito. Wa beisi ya tatu husimama karibu na mpigaji, kwa hiyo anahitaji ujasiri na mkono mzito wa kutupa mbali. Shotistopu na wa beisi ya pili ndio wenye eneo kubwa la kulinda, na wao wawili ndio hushirikiana katika mbinu ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote za besiboli: kutoa wachezaji wawili kwa mpira mmoja. Mkimbiaji wa wapinzani akiwa tayari beisi ya kwanza, shotistopu anakamata, anamtupia mwenzake aliyekanyaga beisi ya pili, naye anageuka hewani na kutupa beisi ya kwanza huku mkimbiaji akimteleza miguuni. Kwa sababu ya upande wanakotupia, nafasi za beisi ya pili, ya tatu na shotistopu hushikwa na watu wa mkono wa kulia. Mwenye mkono wa kushoto angelazimika kugeuka mwili mzima kabla ya kutupa, na sekunde hizo hana.

Ngoepe alikuwa hodari wa nafasi mbili ngumu, shotistopu na beisi ya pili. Kwa miaka yake katika ligi ndogo, zile za chini ya Ligi Kuu, sifa zake zilikuwa zile zile: mikono laini, miguu myepesi, mkono wenye nguvu. Sasa swali linakuja lenyewe. Ikiwa kazi ni ngumu kiasi hicho na yeye aliimudu, kwa nini asubiri miaka minane?

Jibu ni gongo. Kila mlinzi wa ndani ni mpigaji pia, na zamu yake ikifika hakuna wa kumpigia. Kwa miongo mingi timu zilivumilia shotistopu asiyejua kupiga mradi aokoe mipira. Mario Mendoza, Mmeksiko aliyeanza na Pittsburgh Pirates hao hao mwaka 1974, alimaliza kazi yake na wastani wa .215, yaani katika kila majaribio elfu alipata mapigo 215. Jina lake likageuka kuwa kipimo: Wamarekani wanasema mchezaji yuko chini ya mstari wa Mendoza wastani wake ukishuka chini ya .200. Watu wanaolitumia jina hilo kwa dhihaka wanasahau kwamba alidumu misimu tisa katika Ligi Kuu, jambo ambalo wengi wa wenye gongo zuri hawakuliweza.

Ozzie Smith wa St. Louis Cardinals alikwenda mbali zaidi. Alipiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja) 28 tu katika kazi yake yote ya miaka 19, idadi ambayo wapigaji wakubwa huimaliza kwa msimu mmoja, lakini alishinda tuzo 13 za glavu ya dhahabu kwa ulinzi bora na mwaka 2002 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Bill Mazeroski, mlinzi wa beisi ya pili wa Pirates, alishiriki kuwatoa wawili kwa mpira mmoja mara 1,706, rekodi ya nafasi yake. Hata hivyo aliingizwa Jumba la Mashujaa mwaka 2001, miaka 29 baada ya kustaafu, na wengi wanamkumbuka kwa homurani moja iliyoipa Pittsburgh ubingwa mwaka 1960. Mtu aliyelinda vizuri kwa miaka 17 anakumbukwa kwa alichofanya na gongo mara moja.

Kisha akaja Cal Ripken Jr. wa Baltimore. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93, umbo ambalo makocha wa zamani wangelipeleka beisi ya tatu moja kwa moja, lakini yeye akabaki shotistopu, akapiga homurani 431 na kucheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia 1982 hadi 1998. Baada yake wakafuata Derek Jeter na Alex Rodriguez. Timu zikagundua kwamba zinaweza kupata ulinzi na mapigo kwa mtu mmoja. Kuanzia hapo glavu pekee ikawa tiketi ya kufika mlangoni, na gongo ndilo linaloamua nani aketi ndani. Ngoepe alizaliwa mwaka 1990. Alikuja katika kazi hii wakati mlango ulikuwa umeshabadilishwa kufuli.

Alikulia Randburg, Johannesburg, katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg Mets, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mlango ukifunguliwa, uwanja uko pale. Besiboli Afrika Kusini ilikuwa, na bado ni, mchezo wa watu wachache nyuma ya soka, raga na kriketi, na kwa kijana mweusi kuupata namna ile ilikuwa bahati ya makazi tu. Mwaka 2008 alichaguliwa kwenda katika akademia ya MLB huko Tirrenia, Italia, ambako vijana wa Ulaya na Afrika walinolewa na makocha wa Marekani. Mmoja wao alikuwa Barry Larkin, shotistopu wa zamani wa Cincinnati Reds na mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1995. Mwaka huo huo Pirates wakamsajili Ngoepe akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata akavaa jezi ya Afrika Kusini katika mashindano ya dunia ya besiboli.

Hapa ndipo fundo la kwanza linapohitaji kufunguliwa. Wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico hugawanywa kwa timu kupitia mchujo wa kila mwaka, timu zikipokezana kuchagua. Wengine wote duniani husaini wenyewe na timu yoyote kuanzia umri wa miaka 16. Ndiyo maana timu zote 30 zina akademia Jamhuri ya Dominika, nchi ndogo inayozalisha walinzi wa ndani kwa wingi wa kushangaza. Mtoto wa Dominika anasaini akiwa ameokota mipira ya chini maelfu kwa maelfu mbele ya maskauti, watafuta vipaji wa timu. Ngoepe alisaini kutoka nchi ambayo skauti hupita mara chache, na alianza mbio akiwa nyuma yao kwa idadi ya warushaji wakali aliowahi kuwakabili.

Ukishasaini huendi Ligi Kuu. Unaanzia chini ya ngazi ndefu ya ligi ndogo, ambazo timu zake zinafungamana na timu kubwa. Ngoepe alianza katika ligi ya wanaoanza huko Florida, akapita timu za State College, kisha West Virginia, kisha Bradenton, kisha Altoona ambako alikaa muda mrefu kuliko kote, na hatimaye Indianapolis, ngazi moja tu kabla ya Pittsburgh. Mwanzoni alikuwa akipiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, kulingana na mkono wa mrushaji. Baadaye akaacha upande wa kushoto na kubaki na wa kulia, uamuzi ambao kwa mpigaji ni sawa na kuhama nyumba. Mwaka 2013 mama yake alifariki, yeye akiwa katikati ya ngazi hiyo. Alama zake za ulinzi zilibaki nzuri. Za gongo zilipanda, zikashuka, zikapanda tena kidogo.

Sasa makaratasi. Kila timu ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya wachezaji wanaocheza usiku huo katika Ligi Kuu: walikuwa 25 wakati wa Ngoepe, ni 26 tangu 2020. Ya pili ni ya watu 40, ambayo inabeba hao pamoja na wengine walio ligi ndogo lakini wanalindwa na timu. Usipokuwa katika orodha ya 40 huwezi kuitwa juu mpaka uingizwe, na ikiwa imejaa mwingine aondolewe kukupisha, na timu nyingine inaweza kukuchukua katika mgawo maalumu wa kila Desemba ukishamaliza misimu minne au mitano, kutegemea umri uliosainia. Sheria hiyo iliwekwa ili timu tajiri zisifiche vipaji, na ni sheria nzuri. Hakuna timu iliyomchukua Ngoepe. Pirates walimweka katika orodha ya 40 mwishoni mwa 2015, alipokuwa karibu kuwa huru.

Ukiwa ndani ya orodha hiyo, timu inapata misimu mitatu ya kukushusha ligi ndogo na kukupandisha bila kukuuliza. Misimu hiyo ikiisha, kukushusha kunahitaji kwanza timu nyingine 29 zipewe nafasi ya kukuchukua. Matokeo yake kwa mlinzi wa akiba ni ya ajabu: mchezaji aliyebakiwa na ruhusa za kushushwa anashuka hata kama anacheza vizuri kuliko mwenzake, kwa sababu mwenzake akishushwa anaweza kupotea. Mashabiki wanauliza kwa nini fulani kateremshwa baada ya wiki njema. Mara nyingi jibu liko kwenye faili ofisini.

Na faili hiyo inabeba pesa. Mwaka 2017 mshahara wa chini wa Ligi Kuu ulikuwa dola 535,000 kwa msimu, ukilipwa kwa siku, karibu dola 2,900 kila siku uliyo juu. Katika ngazi za chini za ligi ndogo wakati huo mchezaji alipata kama dola 1,100 kwa mwezi, tena miezi ya msimu tu. Watu walilala sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, wakafanya kazi za ghala wakati wa baridi. Haikuwa siri. Mwaka 2022 MLB ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi ya wachezaji wa ligi ndogo kuhusu mishahara, na mwaka huo huo wachezaji hao wakajiunga na chama cha wafanyakazi. Mkataba wa 2023 uliweka kima cha chini cha dola 30,250 kwa mwaka katika ngazi kama ya Altoona na 35,800 katika ngazi kama ya Indianapolis. Haki hiyo ilikuja Ngoepe akiwa ameshapita.

Siku za Ligi Kuu pia huhesabiwa kwa ajili ya kesho. Siku moja inakupa haki ya bima ya afya, siku 43 zinakufungulia pensheni, na siku 172 ni mwaka mmoja wa utumishi. Ukifikisha miaka mitatu unaweza kudai mshahara kulingana na kiwango chako mbele ya mwamuzi, na ukifikisha sita unakuwa huru kwenda utakako. Nyota wanaifikia hiyo sita. Mlinzi wa akiba, yule ambaye soka letu lingemwita kiraka, anahesabu siku moja moja.

Kiraka huitwa lini? Mara nyingi ni mwingine akipata msiba. Mwaka 2017 Jung Ho Kang, mlinzi wa ndani wa Pirates kutoka Korea Kusini, alinyimwa viza ya kuingia Marekani na kukosa msimu mzima. Tarehe 18 Aprili Starling Marte, mlinzi wa eneo la nje la uwanja, akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa. Kikosi kikawa na matundu. Siku nane baadaye Ngoepe alikuwa ndani ya PNC Park, na kocha Clint Hurdle akamwingiza awamu ya nne kulinda beisi ya pili, nafasi ile ile ya Mazeroski. Pirates walishinda mechi hiyo 6 kwa 5.

Siku zake za kwanza zilikuwa tamu. Halafu likatokea lile linalowatokea karibu wote. Timu za Ligi Kuu zina watu wanaotazama kila mpira uliorushiwa kwa mgeni, na ndani ya wiki mbili wanajua anapokosea. Warushaji wakaanza kumrushia Ngoepe mipira inayopinda ikitoka nje ya eneo la kupigia, naye akaanza kukosa. Mpigaji anayecheza kila siku ana nafasi ya kujirekebisha, lakini kiraka anayepata zamu mbili Jumanne na moja Ijumaa hana. Alimaliza 2017 na mechi 28 na wastani wa .222. Ulinzi wake haukulalamikiwa na mtu.

Novemba 2017 Pirates wakamuuza Toronto Blue Jays. Huko shotistopu Troy Tulowitzki alikuwa majeruhi na angekosa msimu wote wa 2018, kwa hiyo nafasi ilionekana. Ngoepe akapata mechi 13, na katika majaribio 18 pigo moja tu. Hakurudi tena Ligi Kuu.

Majaribio 18 ni mechi nne au tano za mtu anayeanza kila siku. Hata wapigaji walio katika Jumba la Mashujaa wamepitia majaribio 18 yenye pigo moja, tofauti ni kwamba wao walipata ya 19 na ya 200. Sisemi Ngoepe alikuwa mpigaji mzuri aliyeonewa, la. Miaka ya ligi ndogo ilionyesha kwamba gongo lilikuwa udhaifu wake. Ninachosema ni kwamba takwimu ya mechi 41 inapima kipande kidogo sana cha alichokifanya. Wachezaji wengi mno wanaosaini mkataba wa ligi ndogo hawafiki juu hata siku moja, na wanaotokea nchi zenye akademia na viwanja vya kutosha ndio wanaopewa muda. Kupanda ngazi yote kutoka chumba cha Randburg kwa kutegemea mikono, katika zama zinazodai gongo, ni kazi kubwa ya kitaalamu, na ningependa ihesabiwe hivyo.

Mambo mawili yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2021 MLB ilipunguza timu za ligi ndogo zinazofungamana nayo kutoka takriban 160 hadi 120, na State College na West Virginia, vidaraja viwili alivyovikanyaga, zilikuwa miongoni mwa zilizokatwa. Mchezaji wa aina yake leo, anayehitaji muda, ana vidaraja vichache. Upande mwingine, mwaka 2023 sheria mpya ilizikataza timu kuwarundika walinzi wa ndani upande mmoja: sasa wawili wawe kila upande wa beisi ya pili, miguu isivuke ukingo wa nje wa eneo la udongo. Kabla ya hapo kompyuta iliweza kumficha mlinzi mzito kwa kumsimamisha pale mpira utakapokwenda. Sasa miguu imerudishiwa thamani yake, na mlinzi kama Ngoepe angepata hoja moja zaidi mezani.

Waafrika waliofuata wengi wametokea sehemu nyingine ya uwanja. Tayler Scott, naye wa Johannesburg, aliingia Ligi Kuu mwaka 2019 akiwa mrushaji. Uganda, ambayo watoto wake wa Lugazi waliiwakilisha Afrika kwa mara ya kwanza katika fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, imeanza kupata mikataba: Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pirates wakafuata kwa mrushaji David Matoma. Sioni ajabu kwamba mkono wa kurusha ndio unaoonekana kwanza. Kasi yake hupimwa kwa rada mchana mmoja, popote, hata kwenye kiwanja cha shule. Mlinzi wa ndani anahitaji udongo uliosawazishwa, usio na kokoto, na mtu wa kumpigia mipira ya chini mia kila jioni kwa miaka. Ngoepe alivipata kwa sababu mlango wa chumba chao ulifungukia uwanjani. Viwanja vya namna hiyo vikichongwa Lugazi na kwingineko, mlinzi wa ndani wa pili kutoka bara hili hatahitaji bahati ya makazi.